Kizuia Matangazo cha Rehema

Kwako Rehema,

Assalaam alaykum. Na kama unaisoma barua hii ukiwa ndani ya basi, basi salamu hizi ni za dereva pia, maana siku nzima utakuwa mikononi mwake.

Sasa hivi tumetoka kuswali alasiri. Wewe na mama yako mmekwenda kumuaga bibi yako, mkaniachia nyumba na paka. Nimekaa mezani na karatasi za steshenari, zile nzito ninazowauzia watu wa harusi, nikasema leo nitaandika kwa mkono. Miaka yote hii nimewaandikia wengine barua za kuomba kazi, mialiko, risala na tanzia. Wewe sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja, kwa sababu ulikuwa chumba cha pili.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Baridi ya huko chuoni Mbeya, sweta, kuchemsha maji ya kunywa, yote hayo mama yako ameshayasema mara tatu, na sina cha kuongeza isipokuwa kwamba anasema kweli. Mimi nataka kukurudisha kwenye jambo letu sisi wawili, lile la tovuti. Tulilimaliza kwa kulicheka. Mwaka mzima umepita tunalicheka, na hata juzi umemsimulia shangazi yako akacheka mpaka akakohoa. Lakini kulizungumza, mimi na wewe, hatukuwahi. Kosa hilo ni langu.

Nianzie mbali kidogo. Wewe unakumbuka kompyuta, mimi nakumbuka mlango. Kabla ya tovuti kulikuwa na ule mlango wa duka letu la steshenari hapa Dunda, Bagamoyo, nikibandika juu yake kila karatasi niliyopiga chapa: msiba wa fulani, mbuzi wa fulani kapotea, maji yatakatika Jumanne. Watu walisimama kusoma hata kama hawana haja ya kununua kalamu. Halafu wakaanza kunipigia simu kutoka Miono na Fukayosi, wakiniomba niwasomee mlango. Nilikuwa nikisimama nje na simu sikioni, nasoma karatasi moja baada ya nyingine, na jua linanipiga utosini. Ulikuwa kidato cha pili ulipotoka shule siku moja ukanikuta katika hali hiyo, ukaniambia kwamba mlango unaweza kuwekwa kwenye mtandao, kila mtu akausoma mwenyewe.

Tuliijenga pamoja. Wewe ulijua namna, mimi nilijua nani kafa. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kukuonyesha, kwa sababu baba niliyemwona mimi nikikua hakuwa mtu wa kuonyesha. Watu walipoanza kuniita Salehe wa Tovuti, nilijifanya kuchukia.

Kisha yakaja matangazo ya biashara. Ile kampuni ya nje ilitupa kipande kidogo cha maandishi ya kompyuta, tukakiweka kwenye ukurasa, na matangazo yakaanza kuja yenyewe bila sisi kumwomba mtu. Kila msomaji akifungua, kitu kidogo kinaingia. Mwanzoni hakikutosha hata kulipia jina la tovuti. Baadaye kikatosha jina, kikatosha umeme wa duka, kikafika hadi kwenye ada yako ya kidato cha tano. Siwezi kuidharau pesa ile, na wewe usiidharau. Ilikuwa halali, na ilikuja kwa sababu watu walihitaji tulichokuwa tunaandika.

Nilipopotea ni pale nilipoanza kuwaangalia wasomaji kama namba. Kila jioni nilifungua lile jedwali la kampuni kuona tumefunguliwa mara ngapi. Nikagundua kwamba tangazo likikaa juu linaleta zaidi, nikaweka juu. Nikaweka katikati. Nikaweka lile linaloruka na kufunika kioo kizima, ambalo alama yake ya kufungia ni ndogo kama mbegu ya ufuta. Nikaweka na la video, linaloanza kupiga kelele lenyewe. Siku moja ulinyanyua simu yako ukaniuliza, "Baba, tanzia iko wapi humu?" Nikacheka. Nikakuambia ashushe tu mtu kwa kidole, ataikuta.

Mama yako naye aliniambia. Alifungua kusoma msiba wa jirani, akakuta jina la marehemu, chini yake mwanamke anacheza na kuita watu wakacheze kamari, na chini ya huyo ndiyo muda wa maziko. Akanipa simu nijionee. Nilimjibu kwamba matangazo hayo siyachagui mimi, yanachaguliwa na mashine. Lilikuwa jibu la kweli, Rehema, na nililipenda kwa sababu lilinitoa mimi ndani ya jambo langu mwenyewe. Nimekuja kuyaogopa majibu ya namna hiyo. Yako mengi, na hasa kwa watu wa kazi unayokwenda kuisomea.

Ulipomaliza kidato cha sita ukawa unakaa nami dukani ukisubiri nafasi ya chuo. Watu walikuletea simu zao. Mmoja simu nzito, mwingine bando lililowekwa jana linaisha asubuhi. Ukaona kinachowamaliza ni matangazo, yanayopakia picha na video ambazo hawakuziomba. Basi kila simu iliyopita mikononi mwako ukaiwekea kizuia matangazo. Kwa mikono yako mwenyewe ukaongeza na amri kwamba chochote kilichopewa jina la "tangazo" ndani ya ukurasa kifichwe, kwa sababu tovuti nyingi za hapa kwetu zinaandika kwa Kiswahili na vile vizuizi vya kigeni vilikuwa havikijui. Hukunificha. Hukuniambia tu, na mimi sikuuliza kwa nini simu zinatoka kwako nyepesi na watu wanakuombea dua.

Mapato yakaanza kushuka. Mwezi wa kwanza nikadhani ni Ramadhani, watu hawasomi. Mwezi wa pili yakashuka zaidi, wakati wasomaji walikuwa wengi kuliko mwanzo. Nikawaandikia kampuni, wakajibu kwamba simu nyingi za wasomaji wangu zinafungua ukurasa lakini zinakataa matangazo, na palipokataliwa hawalipi. Nikaichapa barua ile, nikatoka nayo kaunta. Walikuwepo wateja wanne. Mwalimu Stella, yule mstaafu anayeshona sare za shule, alikuwa anatoa nakala ya vyeti. Nikasema kwa sauti ya kila mtu asikie kwamba kuna mtu hapa Dunda anatuhujumu.

Ukainua kichwa ukasema, "Ni mimi, Baba."

Ungeweza kungoja watu waondoke. Nimewaza sana kwa nini hukungoja, na nadhani ni kwa sababu hukuona kuwa ni jambo la aibu. Ulianza kunieleza habari za bando, na bibi mmoja wa Fukayosi ambaye simu yake ilikuwa ikimpeleka kwenye kurasa za matusi kila akitaka kujua nani kafa. Sikukusikiliza. Nilisema maneno mengi, na yaliyobaki kichwani mwangu ni kwamba nimelea mwizi wa ndani. Nikakuambia usiguse kompyuta yangu tena. Uliweka chini bisibisi ndogo uliyokuwa umeshika, ukachukua mtandio wako, ukatoka. Kesho yake ulikwenda Miono kwa shangazi yako.

Mama yako alikaa wiki nzima akinijibu kwa maneno mawili mawili.

Na mimi badala ya kufikiri, nikafanya ukorofi wa pili. Kampuni ile ilikuwa na ukuta wanaouuza kwa watu kama mimi. Ukiuweka, msomaji mwenye kizuia matangazo hawezi kuona kitu mpaka akiondoe. Anakutana na ubao mweupe wenye maandishi ya Kiingereza. Nikauweka hivyo hivyo, hata kuyatafsiri sikuyatafsiri. Nilijiambia kwamba asiyetaka kulipa kwa macho yake asile bure. Siku mbili za kwanza mapato yalipanda kidogo, nikajiona nimeshinda. Nani niliyekuwa nimemshinda, sijui.

Habari ya Mzee Mbwana umeisikia kwa watu. Nataka uisikie kwangu, kwa sababu nilikuwepo.

Dada yake alifariki hapa Dunda alfajiri. Wapwa zake walimpigia simu huko Fukayosi, wakamwambia maziko ni saa kumi, baada ya alasiri. Asubuhi familia ikakaa, ikaona mvua inakuja, ikasogeza maziko baada ya adhuhuri. Wakaja kwangu, nikaandika mabadiliko, nikayaweka kwenye tovuti palepale. Kila mpwa akaamini kwamba mjomba ataona, kwa kuwa anajulikana hawezi kunywa chai bila kuifungua. Na kweli aliifungua. Simu yake ulikuwa umeitengeneza wewe. Akakutana na ubao mweupe na Kiingereza, akadhani mtandao umekatika, akaoga taratibu, akavaa kanzu, akatafuta bodaboda. Alifika watu wanakung'uta mchanga mikononi.

Alikuja dukani siku ya tatu. Nilipomwona mlangoni nilitamani sakafu inifungukie. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama kawaida yake, akakaa kwenye benchi, akatoa simu. Akanipa akasema, "Nisomee."

Nikamsomea. Nikamweleza kwa Kiswahili kwamba inasema aondoe kizuizi cha matangazo ndipo aruhusiwe kusoma. Akaniuliza ni kizuizi gani, nikamwambia. Akaniuliza ni nani aliyeweka ubao, nikamwambia ni mimi. Akauangalia ule weupe.

"Kwa hiyo dada yangu alikuwa nyuma ya hapa," akasema.

Akaniambia hakuja kunigombeza. Alikuja nimwonyeshe nilivyoandika habari za dada yake, kwa sababu watu wamemwambia niliandika vizuri na yeye ndiye peke yake hajasoma. Nikamfungulia kwenye kompyuta yangu. Hata huko, Rehema, lile tangazo la kuruka likaruka, nikawa nahangaika kulifunga huku mzee amevaa miwani anasubiri. Nilipolifunga akasoma polepole, kwa kidole, mpaka mwisho. Nilikuwa nimeandika kwamba marehemu alijulikana kwa kucheka kwake. Akatabasamu, akasema ni kweli, tangu mdogo, hata msikitini alikuwa akitolewa nje. Kisha akashukuru akaondoka.

Niliuondoa ukuta kabla hajafika kituo cha bodaboda. Asubuhi yake nikapanda gari la Miono.

Safari nzima nilikuwa napanga maneno ya kukuomba radhi. Nilikuwa na hotuba. Nikakukuta umekaa kivulini na binamu zako mnabangua korosho, uso na mikono myeusi kwa utomvu, unacheka jambo fulani. Uliponiona ukasimama ukaniamkia. Hotuba yote ikaniruka. Nikasema, "Kompyuta inakusubiri." Ukaniangalia, ukasema sawa, ukaenda kunawa. Shangazi yako akanitazama kwa jicho la dada mkubwa, akanong'ona kwamba nimekuja mwendo wote ule kusema hilo tu. Nikamwambia mengine nitayasema nyumbani. Sikuyasema.

Ndani ya gari nilikusimulia habari ya Mzee Mbwana. Ulilia, ukageukia dirishani. Halafu karibu na Msata ukanigeukia na mpango mzima kichwani: kipande cha kampuni kitoke, ukuta usirudi, tutafute matangazo wenyewe, kwa miguu, kwa watu tunaowajua, tuyaweke pembeni yakae kimya. Nikakuuliza tutaishije mpaka hapo. Ukasema tutaishi kama tulivyokuwa tunaishi wakati wa mlango. Niliona umekua, na niliona kwamba umekua nikiwa nimeangalia jedwali.

Wa kwanza tuliyemwendea ni Mwalimu Stella. Nilikuwa naona aibu kwa sababu alikuwepo siku ile ya maneno. Alituacha tumalize, huku anafunga vifungo kwenye shati la mtoto, halafu akaanza kunihoji kama mwanafunzi.

"Tangazo langu litaruka juu ya marehemu?"

Nikasema hapana, Mwalimu.

"Litacheza? Litapiga kelele?"

Wewe ndiye uliyemjibu kwamba litakaa tu, na mtu akitaka sare atalisoma. Akakata uzi kwa meno, akasema kama ni la kukaa tu basi yuko tayari kukaa nalo mwaka mzima. Tulitoka pale tukitembea kama tumepewa nchi.

Sasa nakuja kwenye sehemu unayopenda kuisimulia, na hapa nina haki ya kuirekebisha, kwa sababu huwa unaniongezea ujinga.

Tulipoijenga upya tovuti, kazi ya kupanga majina ya ndani ulinipa mimi. Kila sehemu ya ukurasa ilitakiwa iwe na jina ambalo kompyuta inalisoma na msomaji halioni. Na mimi, mtu wa mlango, kichwani mwangu kila kinachobandikwa ni tangazo. Sare za Mwalimu Stella ni tangazo. Msiba ni tangazo. Mbuzi aliyepotea ni tangazo. Nikavipa vyote jina moja, nikajiona nimefanya kazi safi. Wewe nawe ulikuwa umesahau ile amri uliyoiweka kwenye nusu ya simu za Bagamoyo.

Siku tatu hakufa mtu. Wasomaji walifungua wakakuta kichwa cha tovuti, salamu, na chini yake weupe. Kwenye simu yangu na yako kila kitu kilionekana, maana zetu hazikuwa na kizuizi, kwa hiyo tulikaa tunasifiana. Siku ya nne muadhini wa msikiti wetu aliingia kununua bahasha, akaniambia kwa uso wa mtu anayemshukuru Mungu kwamba wiki hii tumepumzishwa, hata mbuzi hawapotei. Nikamwambia mbona kuna misiba miwili, na mmoja ni wa mtaa wa nyuma yake. Akatoa simu. Nikaita jina lako kwa namna ambayo paka alikimbia.

Uliiangalia ile simu, ukaangalia kompyuta, ukaketi sakafuni ukacheka mpaka machozi. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Muadhini akawa anatuangalia mmoja mmoja, akauliza kama kuna kheri.

Misiba yote miwili, nashukuru, majirani walikuwa wameambizana kwa mdomo na watu walijaa. Kwa hiyo naweza kucheka. Ila ulivyofanya baadaye ndiko nilikotaka kufika. Ulikuwa unaweza kuirekebisha tovuti kwa dakika tano, kubadilisha jina la sehemu, na mambo yakaisha. Ulifanya hivyo. Halafu ukasema haitoshi, kwa sababu ile amri umeiweka kwenye simu za watu bila kuwaeleza itaficha nini, na tovuti zingine za matangazo ya shule na hospitali huenda nazo zimefichwa. Ukachukua daftari, ukaorodhesha kila uliyemkumbuka, ukasema unakwenda nyumba kwa nyumba kuiondoa. Nikafunga duka nikakufuata.

Siku nne tulitembea. Dunda yote, kisha tukapanda bodaboda hadi Fukayosi. Kila nyumba ulikaa chini, ukamweleza mwenye simu kwa maneno ya kawaida kwamba ulikosea, kwamba hiki kitu kinazuia matangazo ya biashara, kwamba kina faida yake na hasara yake, akitaka kibaki kitabaki, akitaka kiondoke kitaondoka. Hukumwambia mtu yeyote achague nini, ingawa baba yako alikuwa amesimama nyuma yako na tovuti yake inaning'inia kwenye jibu lao. Wengi walikibakisha. Baadhi walikuomba uwaonyeshe jinsi ya kukifungulia kwa ajili ya tovuti yetu tu, "ili Salehe naye ale." Mzee Mbwana alikibakisha, akatupa mihogo gunia zima, tukashindwa kuibeba kwenye bodaboda moja.

Katika siku zile nne nilijifunza zaidi kuliko miaka yote niliyokaa mbele ya jedwali. Nilimwona mama mmoja anasoma tovuti yetu akiwa ameweka simu juu ya dirisha kwa sababu ndiko mtandao unakoshika. Nilimwona mtu anayesoma kwa kuazima simu ya jirani. Hao ndio niliokuwa nawarushia video za kamari, halafu nikawaita wezi walipofumba macho.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya, kwa sababu upande wa pili nao upo. Unajua ile tovuti ya mapishi aliyokuwa akiipenda mama yako, ya yule dada ambaye hatumjui, aliyemfundisha kupika biriani ya samaki. Mwezi uliopita ilifungwa. Mwenyewe aliandika kwaheri fupi, bila kumlaumu mtu. Alisema wasomaji ni wengi ila matangazo hayafiki kwenye macho yao, na hawezi tena kulipia gharama za kuiendesha kwa fedha ya nyumbani. Matangazo yake yalikuwa machache, ya unga na sufuria, hayakuruka. Mama yako alisoma kwaheri ile jikoni. Simu yake ina kizuizi, ulimwekea wewe. Akaniuliza polepole, "Na mimi nilimfungia?" Nikamwambia sijui, labda na sisi tumo. Akachukua daftari akaanza kunakili mapishi aliyoyakumbuka kabla hayajamtoka.

Sikukuambia wakati ule kwa sababu ulikuwa na mahangaiko ya kujiunga na chuo, na sikutaka uibebe. Leo nakuambia, kwa kuwa utakwenda kujenga vitu vitakavyotumiwa na watu usiowajua. Mimi sina dawa ya jambo hili. Yule anayefunga matangazo ana sababu, na yule anayefungiwa ana watoto. Wakati akili yangu ilikuwa ndogo kuliko yako nilitaka mmoja wao awe mwizi, nipumue. Siku hizi nikimwona mtu ameziba, naanza kujiuliza nilimfanyia nini, na baada ya hapo ndipo najiuliza anachonidai na ninachomdai. Mpangilio huo umenisaidia hata kwa mama yako.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema ukweli, pokea na huu: simu yangu ina kizuia matangazo. Nimekiweka mwenyewe tangu Ramadhani iliyopita. Nilichoka, mwanangu. Tovuti moja ya mpira ilikuwa inanifunika kioo mara nne kabla sijajua matokeo. Ila nimejifunza kukifungulia. Kila tovuti ninayotaka niikute kesho, naifungulia, nayavumilia matangazo yake, na nikikuta fundi au duka ninalolihitaji, naligusa kwa moyo safi. Usimwambie Mwalimu Stella.

Tovuti yetu haileti tena kama zamani, unajua. Inajilipia, inalipia umeme, na inabakisha kidogo. Mwalimu Stella amelipa mwaka wa pili. Wauza mananasi wa barabarani wamechanga wakaweka lao moja la pamoja. Jana nimeandika tanzia mbili, harusi moja, na mbuzi, na vyote vilionekana.

Limebaki moja. Leo asubuhi ulipokuwa unapanga nguo nilikuaga kwamba nakwenda kununua wino wa mashine. Wino ninao. Nilikwenda kuwatafuta wale wateja wanne waliokuwepo siku niliyokuita mwizi wa ndani. Nilikutukana mbele yao, nikaona kuomba radhi chumbani kungekuwa kujificha. Wa kwanza hakukumbuka hata kidogo, ikabidi nimsimulie aibu yangu upya ndipo nimwambie nimeifuta. Wa pili alinishika mkono tu. Wa tatu amehamia Chalinze, nikampigia simu. Wa mwisho ni Mwalimu Stella. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimeshakuambia wewe mwenyewe. Nikasema bado. Akanitazama juu ya miwani akasema basi nimeanzia mwisho, nirudi nyumbani nikaanze mwanzo.

Ndiyo maana nimeandika. Hukuwa mwizi, Rehema. Katika nyumba hii na katika duka lile, wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukiisoma tovuti yangu kama msomaji, na mimi nilikufukuza kwa hilo. Nimekosa, nisamehe. Nimechelewa mwaka mzima, na bado nimeshindwa kukutazama usoni nikalisema, ila mkono wangu umeliandika na hautalifuta.

Nawasikia mnaingia uani, mama yako anaulizia taa mbona sijawasha. Mungu akufikishe salama, akupe watu wema huko, na akupe moyo wa kusema "ni mimi" popote utakapohitajika kusema.

Ukimaliza kusoma nipigie, hata kama umelia. Nitapokea.

Baba yako,
Salehe